Cheti cha mbegu ni habari ya miezi mitatu iliyopita

Mhariri,

Kurasa za afya na matangazo ya dawa, yakiwemo yanayochapwa katika gazeti lako, yamezoea kuunganisha mambo mawili yasiyo na udugu wa karibu: nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba. Mwanamume anaweza kusimika bila shida, akamwaga manii mengi na mazito, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Manii karibu yote hutengenezwa na vifuko vya manii na tezi dume. Kinachotoka korodani, yaani mbegu zenyewe na majimaji yake, hakifiki sehemu moja ya kumi. Kwa macho hakuna anayeweza kujua. Na kinyume chake kipo: mtu ambaye jogoo wake hawiki anaweza kuwa na mbegu zisizo na kasoro yoyote. Dawa ya kuwisha jogoo si dawa ya mbegu.

Tunaandika tukiwa watu wa maabara na kliniki ya uzazi, na kosa tunalotaka kulisema zaidi ni jingine, nalo halisemwi kabisa. Ni kosa la kalenda.

Mbegu moja huchukua takriban siku 74 tangu seli mama ianze safari yake hadi mbegu yenye mkia itoke kwenye vijirija vya korodani. Ikitoka hapo bado haijui kuogelea. Hupita kwenye epididimisi, mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani, na kukaa humo kati ya wiki moja na mbili ikikomaa. Jumlisha, unapata karibu miezi mitatu. Kwa hiyo cheti cha majibu ya kipimo cha manii anachokabidhiwa mtu leo kinasimulia mwili wake ulivyokuwa miezi mitatu nyuma. Aliyeugua homa kali miezi miwili iliyopita, ya malaria au mafua au nyingine yoyote, anaweza kuambiwa leo kwamba mbegu zake ni chache na legevu. Anatoka mlangoni amekata tamaa, ananunua dawa ya kuongeza mbegu, anaimeza miezi mitatu, anarudi kupima na kukuta zimepanda. Zingepanda hata kama angekunywa maji matupu. Dawa imepata sifa kwa kazi ya kalenda, na ndiyo maana soko lake halifi.

Swali la kwanza la kumuuliza mwenye cheti kibaya, basi, ni hili: miezi mitatu iliyopita ulikuwa unaumwa nini, unatumia dawa gani, unafanya kazi wapi? Lakini hata kabla ya hapo kuna swali la sampuli, kwa sababu vyeti vingi vibaya vinaharibikia kwenye kikopo.

Sampuli ichukuliwe baada ya kujizuia kumwaga kwa siku 2 hadi 7. Chini ya hapo mbegu huwa pungufu. Ukikaa wiki tatu ukidhani unaweka akiba, zinajaa zilizozeeka na kufa. Mtu anawe mikono na uume, asuuze sabuni yote, ajikaushe, kisha ajichue moja kwa moja ndani ya kikopo safi chenye mdomo mpana alichopewa na maabara. Asitumie mate wala mafuta ya kulainisha, maana vyote viwili vinaweza kuzidumaza mbegu, wala kondomu ya kawaida, ambayo inaziua. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata, hivyo likimwagika nje cheti kizima kimepotoka, na mhusika aseme wazi badala ya kunyamaza kwa aibu. Akichukulia nyumbani, kikopo kikae karibu na mwili, kisipigwe na baridi wala jua, kifike maabara ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwenye kikopo kuandikwe saa ya kumwaga. Cheti kisichoonyesha saa hiyo na siku za kujizuia hakijakamilika, hata kiwe na mihuri mitatu.

Sasa tarakimu. Toleo la sita la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, la mwaka 2021, linataja mipaka ya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, milioni 39 kwa mmwago mzima, zinazotikisika kwa jumla asilimia 42, zinazosonga mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo zuri asilimia 4. Watu huichukua mipaka hiyo kama mstari wa kufaulu na kufeli. Sivyo ilivyopatikana. Walipimwa wanaume ambao wenza wao walishika mimba ndani ya miezi 12, wakapangwa kutoka wa chini hadi wa juu, na mpaka ukawekwa pale walipo watano wa chini katika kila mia. Maana yake hata miongoni mwa akina baba hao, kwa kila kipimo, wapo waliokuwa chini ya mpaka. Aliye chini yake nafasi yake ni ndogo, haijafungwa. Na aliye juu hana hati ya uhakika.

Tarakimu ya umbo ndiyo inayowatoa watu jasho. Mtu anasoma kwamba mbegu zake 95 kati ya mia zina kasoro na kudhani mtoto wake atazaliwa na kasoro pia. Tuseme jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Tone la manii hutandazwa kwenye kioo, hukaushwa, hupakwa rangi, kisha chini ya lenzi kubwa ya hadubini zinahesabiwa mbegu zisizopungua 200, moja baada ya nyingine. Inayopita ni ile yenye kichwa laini cha umbo la yai, urefu kama mikromita 4 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na upana unaokaribia 3, kofia ya mbele ikiwa imefunika kati ya asilimia 40 na 70 ya kichwa, shingo nyembamba iliyokaa sawa, na mkia mmoja wa kama mikromita 45 usiovunjika kwa kona kali. Kichwa kikichongoka kama peasi, imekataliwa. Mikia miwili, imekataliwa. Tone la ute lililobaki shingoni likizidi theluthi ya kichwa, imekataliwa. Hata yenye dosari ya kutiliwa shaka tu huhesabiwa mbovu, kwa sheria. Kwa mchujo huo, asilimia 4 si aibu. Wala umbo la nje la mbegu halisemi lolote la hakika kuhusu afya ya mtoto. Linalopaswa kumshtua daktari ni kasoro ya aina moja inayojirudia karibu kwenye mbegu zote, kwa mfano zote zina vichwa vya duara visivyo na kofia. Hapo tatizo liko kwenye jeni na hakuna vitamini itakayoligusa.

Jambo jingine la kwenye kioo: mbegu zisizosogea si lazima ziwe zimekufa. Zikiwa zote zimetulia, maabara inapaswa kuweka rangi inayotenganisha hai na mfu. Zikiwa mfu, utafute sumu, maambukizi, au kikopo kibaya. Zikiwa hai ila hazitikisiki, hitilafu iko kwenye mtambo wa mkia, na mwenye nazo mara nyingi utakuta tangu utotoni kifua na mafua havimwishi, kwa kuwa vinyweleo vinavyosukuma makamasi kwenye njia ya hewa vimeundwa kama mkia wa mbegu.

Cheti kibaya kirudiwe. Tusimhukumu mtu kwa kikopo kimoja, na kama kulikuwa na homa, marudio yasubiri miezi mitatu itimie.

Tukija kwenye vyanzo, tunaomba wasomaji wavigawe kwa kalenda ileile: kuna vinavyopita na kuna vinavyobaki. Joto limo katika vinavyopita. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji kuwa baridi kuliko tumbo kwa nyuzi 2 hadi 4. Kukaa kwenye maji ya moto mara kwa mara, kuweka kompyuta mapajani kwa saa nyingi, kuendesha gari siku nzima bila kushuka, kusimama mbele ya tanuri, vyote hupandisha joto hilo. Athari huonekana wiki kadhaa baadaye na huondoka kisababishi kikiondoka. Nguo ya ndani ya kubana ina mchango mdogo. Inafaa kuibadili kwa kuwa haigharimu lolote, si kwa kuwa itafanya muujiza.

Varikoseli, yaani mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, ni joto lenye makazi ya kudumu. Wanayo kama wanaume 15 katika mia, lakini kati ya wanaokuja kwa kukosa mtoto wa kwanza hufika kama 35 hadi 40. Karibu kila mara huwa kushoto, kwani vena ya korodani ya kushoto inapanda juu hadi kuingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, na damu hurudi nyuma kirahisi. Hutafutwa mtu akiwa amesimama, chumba kikiwa na joto la wastani, kwanza bila kujikaza kisha akikohoa au kukakamua tumbo. Daktari aliyempima mgonjwa akiwa amelala chali tu hajapima. Varikoseli inayofaa kuzungumziwa upasuaji ni ile inayoshikika kwa vidole, kwa mtu mwenye mbegu dhaifu na mwenza ambaye bado ana uwezo mzuri wa kushika mimba. Iliyoonekana kwenye picha ya mawimbi ya sauti peke yake iachwe.

Sasa tunafika kwenye chanzo ambacho kinatuudhi kuliko vyote, maana ni cha kujitakia na huuzwa kama tiba: testosteroni ya sindano, jeli au vidonge, pamoja na dawa za kutunisha misuli. Hesabu ya muuzaji ni nyepesi: homoni ya kiume ikiongezeka, mbegu nazo zitaongezeka. Mwili haufanyi hesabu hiyo. Ndani ya korodani testosteroni inapaswa kuwa juu mara nyingi kuliko ilivyo kwenye damu, na inatengenezwa humohumo kwa amri ya homoni mbili kutoka tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Homoni ya dukani ikijaa kwenye damu, ubongo unaona ghala limejaa na kukata amri. Korodani zinaacha kutengeneza, testosteroni ya ndani inaporomoka, na kiwanda cha mbegu kinazimika huku mwenyewe akijiona ana misuli na hamu tele. Korodani husinyaa. Jambo hili linafahamika vizuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: ilifanya kazi. Mtu anayetafuta mtoto akachomwa sindano hiyo amepewa kinga ya mimba. Akiacha, wengi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine hufika miaka miwili, na waliotumia kwa muda mrefu wanaweza wasirudi kama walivyokuwa. Mwenye upungufu halisi wa homoni na anayetaka mtoto zipo dawa nyingine zinazoamsha korodani zenyewe, na daktari wa homoni anazijua.

Dawa halali za hospitali nazo zimo. Sulfasalazini, ya uvimbe wa utumbo, hupunguza mbegu na uhamaji wake, na hali hurudi miezi miwili au mitatu baada ya kubadilishiwa. Tamsulosini, ya tezi dume, inaweza kufanya manii yasitoke kabisa au yarudi kibofuni. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni zikitumika muda mrefu hushusha homoni. Asiache mtu dawa yake kwa kusoma barua hii. Aende na orodha yake kwa aliyemwandikia. Kwa tiba ya saratani tunasisitiza: mbegu zigandishwe na kuhifadhiwa kabla ya dozi ya kwanza ya kemo au mionzi. Zikichukuliwa katikati ya tiba, zinaweza kuwa tayari zimeharibika vinasaba.

Sigara, bangi na pombe ya kupindukia hatuna haja ya kuzirefusha. Zote zinapunguza ubora wa mbegu na zote zinaachika. Kitambi kinastahili sentensi mbili zaidi. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na mapaja manene hufunika korodani kama blanketi. Kisukari kinachoandamana nacho huharibu neva za shingo ya kibofu, hivyo mtu anafika kileleni na kinachotoka ni tone tu. Huyo apimwe mkojo wa mara baada ya kumwaga. Mbegu zitaonekana humo.

Kazini, madini ya risasi na baadhi ya viuatilifu ni adui wa kweli. Mwaka 1977 huko California, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viuatilifu waligundua kwa mazungumzo yao wenyewe kwamba wenzao wengi hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi hawakuwa na mbegu hata moja, na chanzo kilikuwa kemikali ya DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Waliokaa nayo muda mfupi wengi walipona. Miongoni mwa waliokaa nayo miaka, wapo ambao mbegu hazikurudi.

Vinavyobaki vina tabia nyingine, na hapa kusubiri miezi mitatu ni kupoteza muda. Matubwitubwi yakimpata mvulana mdogo hayana neno kwa korodani. Yakimpata aliyebalehe yanaweza kushuka na kuzivimbisha, ingawa mara nyingi ni upande mmoja na ugumba kamili ni nadra. Korodani iliyojinyonga ina kama saa 6 za kuokolewa, basi maumivu ya ghafla ya kende ni safari ya hospitali usiku huohuo. Korodani isiyoshuka inampata mtoto mmoja hadi wanne katika kila mia wanaozaliwa kwa miezi timilifu, na zaidi kwa njiti. Isiposhuka kufikia miezi 6, upasuaji ufanyike kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Wazazi wengi husubiri mtoto akue, na kila mwaka wa kusubiri korodani inapikwa na joto la tumbo. Aliyewahi kuwa nayo, au mwenye mbegu chache sana, ajizoeze kuzipapasa korodani zake. Kinundu kigumu kisicho na maumivu kionwe na daktari haraka, kwa sababu saratani ya korodani huwapata watu hao zaidi ya wengine.

Kisonono na klamidia zisizotibiwa huacha makovu yanayoziba epididimisi, na kifua kikuu cha njia ya uzazi hufanya vivyo hivyo. Hapo kiwanda kinafanya kazi ila barabara imefungwa. Kulitofautisha hilo na kiwanda kilichokufa ni kazi ya nusu siku, lakini mara nyingi hairukwi kwa ugumu wake, hurukwa kwa haraka tu. Kwanza, neno sifuri lisiandikwe kabla manii hayajazungushwa kwenye sentrifuji kwa dakika 15 na mashapo yake kutazamwa, maana mbegu tano zilizojificha humo zinabadilisha kila kitu. Kisha angalia ujazo na uchachu: manii chini ya mililita 1.4 yenye pH chini ya 7.2 yanaashiria kwamba mchango wa vifuko vya manii haupo, ama kwa kuziba, ama kwa sababu mirija ya mbegu haikuumbwa tangu tumboni. Daktari mwenye vidole makini hugundua kukosekana kwa mirija hiyo kwa kupapasa tu. Kisha homoni ya FSH, moja ya zile mbili za pituitari zinazoamrisha korodani, na ukubwa wa korodani. Korodani za kawaida na FSH ya kawaida zinaelekeza kwenye kuziba. Korodani ndogo na FSH ya juu zinaelekeza kiwandani, na zikiwa ndogo sana na ngumu, kromosomu zipimwe, kwani hali ya Klinefelter, ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, inampata kama mwanamume mmoja katika 600 na wengi huijua siku hiyo. Kipande kilichopungua kwenye kromosomu Y nacho kipimwe kabla ya kwenda kuchomewa mbegu ndani ya yai maabara, maana mtoto wa kiume atakayezaliwa atakirithi.

Kuhusu vidonge vya zinki na foliki asidi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa matangazo mengi, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia jozi 2,370 za wenza. Nusu ya wanaume walipewa vidonge hivyo kwa miezi 6, nusu wakapewa vya bandia. Idadi ya watoto waliozaliwa haikutofautiana, ubora wa manii haukuongezeka, na waliomeza vya kweli walisumbuliwa zaidi na tumbo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Matangazo ya dawa za mbegu yanayoonyesha vyeti viwili, cha kabla na cha baada, yasichapwe mpaka kila cheti kionyeshe tarehe, siku za kujizuia, saa ya kumwaga na saa ya kupima, na mtangazaji aseme kama mteja wake alikuwa na homa au alitumia homoni katika miezi mitatu kabla ya cheti cha kwanza. Na pale makala zenu zinapowashauri wenza waliokaa mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 kama mwanamke amefika miaka 35, tunaomba kikopo cha mwanamume kitajwe siku ileile mwanamke anapoandikiwa kipimo cha mirija, si baada ya vipimo vyake vyote kwisha.

Wenu,
Wahudumu wa maabara na kliniki ya uzazi